Je, gari la tanga haliwezi kuupita upepo?

Magari ya tanga ni yale ya magurudumu matatu yanayokimbizwa kwenye fukwe za Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa maji yakipwa. Wengi huamini kwamba hayawezi kwenda kasi kuliko upepo wenyewe, na hoja yao ina mantiki: kisukumwacho kitampitaje anayekisukuma?

Kwa tanga la kawaida lililopigwa na upepo kutoka nyuma moja kwa moja, ni kweli. Upepo ukitoka ubavuni, mambo hubadilika. Tanga hufanya kazi kama bawa la ndege, magurudumu hulizuia gari lisiteleze kando, na nguvu inayobaki hulivuta mbele. Kadiri linavyokimbia ndivyo upepo unaolifikia unavyozidi kuwa mkali, na ardhi ngumu hailizuii gurudumu kama maji yanavyolizuia jahazi. Mwaka 2009, kwenye ziwa kavu la Ivanpah, Marekani, gari la tanga lilifikia kilomita 202.9 kwa saa katika upepo wa takriban kilomita 48 tu.

Jaribu kwa baiskeli. Funga utepe mwepesi kwenye usukani, usimame upepo ukikupiga ubavuni: utepe utalala kando. Sasa kanyaga pedeli. Utepe utapinda kuelekea nyuma, utadhani upepo umehamia mbele yako. Manahodha wa ngalawa wanalijua hili vizuri.

Ukipata nafasi ya kuendesha gari lenyewe (usukani ni wa miguu, kamba ya tanga iko mkononi, na ukiilegeza mwendo hupungua), linganisha kasi inayosomwa na simu yako na ya kipima upepo kilichosimamishwa ufukweni.