Bahasha ya lenzi ya miwani inasema nini

Kabla lenzi haijakatwa na kuingia kwenye fremu, hufika dukani ikiwa duara zima ndani ya bahasha ya karatasi. Juu ya bahasha utakuta maandishi kama haya: 1.56 HMC UV400 Photogrey Φ65 SPH -2.00 CYL -0.50. Mteja anaweza kuomba aione kabla lenzi haijakatwa. Kila kipande cha maandishi hayo kinataja kazi yake, lakini dukani huuzwa vyote kwa mkupuo kwa jina la "lenzi nzuri", na hapo ndipo watu hulipia wasichokihitaji.

SPH na CYL ni nguvu ya lenzi: SPH ni ya lenzi nzima, CYL ni ya kurekebisha jicho lisilo duara sawasawa. Zikionekana tofauti na karatasi ya daktari wa macho, usiharakishe kulalamika: -2.00 yenye CYL -0.50 ni sawasawa na -2.50 yenye CYL +0.50, ilimradi mhimili (AXIS, yaani pembe ambayo CYL imewekwa) nao uzungushwe nyuzi 90.

Namba 1.56 inaonyesha jinsi malighafi inavyopinda mwanga. Plastiki ya kawaida, CR-39, ni 1.50, polikaboneti ni 1.59, halafu kuna 1.60, 1.67 na 1.74. Namba ikipanda, lenzi ya nguvu ileile huwa nyembamba. Kwa mtu wa -1.50 tofauti haionekani, na kumuuzia 1.67 ni kumtoza bure. Kuanzia kama -4.00 kwenda juu, kingo huwa nene kiasi cha kuonekana, na hapo bei ina maana. Ila wembamba una gharama nyingine: 1.67 na polikaboneti hutawanya rangi za mwanga kuliko CR-39, kwa hiyo mwenye lenzi ya nguvu kubwa akitazama kwa pembeni huona kingo za rangi kwenye maandishi. Kwa watoto na mafundi, polikaboneti bado ndiyo ya kuchagua kwa sababu haipasuki ovyo.

HMC ni tabaka gumu la kupunguza mikwaruzo, na juu yake tabaka jembamba kadhaa za kuzuia mwanga usirudi. CR-39 tupu hurudisha karibu asilimia 8 ya mwanga kwenye nyuso zake mbili, ya 1.67 hurudisha zaidi ya asilimia 12, ndiyo maana lenzi nyembamba bila tabaka hili humsumbua mtu usiku akikutana na taa za magari. Kupima ni rahisi. Simama chini ya taa ya tyubu na utazame taswira yake kwenye lenzi. Ikiwa nyeupe kama taa yenyewe, hakuna tabaka. Ikiwa hafifu, ya kijani au zambarau, lipo.

Adui wa tabaka hilo ni joto. Plastiki hutanuka kuliko tabaka, nalo hupasuka nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui, na hakuna dawa isipokuwa kubadilisha lenzi. Kuacha miwani juu ya dashibodi kwenye jua kunatosha. Maji ya moto nayo pia. Hata fundi anayepasha fremu ya plastiki moto huku lenzi iko ndani anaweza kuiharibu kabla hujatoka dukani. Tumia maji ya bomba na tone la sabuni ya vyombo, kisha kitambaa laini. Kufuta vumbi kavu kwa kanga au shati ni kukwaruza.

UV400 maana yake lenzi huzuia mionzi ya urujuanimno hadi nanomita 400. Haina rangi. Lenzi nyeupe kabisa inaweza kuwa nayo, na miwani nyeusi ya barabarani inaweza kuikosa, jambo baya zaidi kuliko kutovaa kitu, kwa kuwa giza hufungua mboni na mionzi huingia kwa wingi. Weusi wenyewe hupangwa kwa daraja 0 hadi 4: daraja la 3 hupitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga na linatosha kwa jua la pwani, la 4 haliruhusiwi kuendeshea gari. Ukitaka rangi, sema mapema, kwani lenzi hutiwa rangi kwa kuzamishwa kwenye maji ya rangi ya moto, na ikishapakwa HMC rangi haiingii tena.

Photogrey huwa nyeusi ikipigwa na urujuanimno. Kioo cha mbele cha gari huzuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo, hivyo dereva asitegemee igeuke. Joto nalo huipunguza weusi, kwa hiyo mchana wa Mombasa haitafika pale inapofika asubuhi ya baridi. Ukivunja moja baada ya muda, badilisha zote mbili. Ya zamani huwa imechoka na hazitalingana.

Kuhusu "blue cut", yaani lenzi za kuzuia mwanga wa bluu, muuzaji huzionyesha kwa tochi ya zambarau: hiyo inaonyesha tu kwamba lenzi inazuia mwanga wa tochi. Mapitio ya 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, hayakupata ushahidi kwamba lenzi hizo hupunguza uchovu wa macho wa kompyuta kwa muda mfupi.

Φ65 ni kipenyo kwa milimita, na ndiyo namba inayopuuzwa kuliko zote. Chukua fremu iliyoandikwa 54-18, yaani upana wa kioo kimoja na nafasi ya pua kati ya vioo, kwa milimita. Vituo vya vioo vyake viko milimita 72 mbali (54 + 18), mboni zako ziko 62 mbali, hivyo kila lenzi isogezwe milimita 5 kuelekea pua. Ikiwa sehemu ndefu zaidi ya kioo, ikipimwa mshazari, ni milimita 58, unahitaji 58 + 10 + 2 ya kukatia, yaani 70. Fundi mwenye 65 tu hulazimika kuacha kitovu cha lenzi nje ya mboni kwa milimita 2.5. Kwa lenzi ya -6.00 hiyo ni prizimu (kipimo cha jinsi lenzi inavyohamisha taswira) 1.5 kila jicho, 3 kwa jumla, na macho hulazimishwa kugeuka kwenda nje. Mteja hurudi na kichwa kinachouma, anapimwa upya, namba zinaonekana sahihi. Mwambie fundi aweke alama kwenye vitovu kwa lensimita, mashine ya kupimia lenzi, na apime umbali kati yao.