Ndugu Ameamua Kuacha Pombe au Unga: Wanaomzunguka Wafanye Nini?

Kaka yangu yuko Mafinga, amekunywa kila siku kwa miaka. Anasema kesho anaacha. Tumfungie ndani siku tatu?

Msimfungie. Mwili uliozoea pombe kila siku ukiikosa ghafla huleta vurugu. Ndani ya saa 6 hadi 24 mikono hutetemeka, jasho linamtoka na usingizi unakimbia. Degedege, kwa wanaoipata, mara nyingi huja ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa na kuona watu wasiokuwepo. Hapo ndipo majirani husema karogwa. Hali hiyo huua, kwa hiyo tafuteni gari kwanza, maombi yaendelee njiani. Hospitali ina dawa za kutuliza na vitamini B1. Msimnunulie vidonge vya usingizi duka la dawa mkampimia wenyewe. Kama aliwahi kupata degedege, aanze kuacha akiwa mikononi mwa daktari.

Na anayeacha unga, yaani heroini?

Arosto, yaani maumivu ya kukosa heroini, huanza saa 8 hadi 24 baada ya kete ya mwisho na hukaza siku ya pili na ya tatu: miayo, kamasi, kuharisha, mifupa kuuma. Mpeni maji mara kwa mara. Ni mateso, ila kwa kawaida haiui. Hatari kubwa iko mbele. Akikaa safi wiki kadhaa, mwili unapoteza uzoefu wa unga, na kipimo chake cha zamani kinaweza kumkata pumzi. Mkimkuta haamki, midomo imebadilika rangi, anakoroma kwa shida, mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali. Semeni wazi alichotumia, ili apewe dawa ya kuzuia nguvu ya heroini.

Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ina kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa heroini; huduma hiyo ilianza nchini Muhimbili mwaka 2011. Mgonjwa hunywa dozi mbele ya mhudumu. Nasikia sana maneno kwamba huko ni kubadilisha unga kwa unga. Si kweli: dozi imepimwa, haidungwi, na inamwachia mtu nafasi ya kwenda kazini badala ya kusaka kete. Mkiwa hamjui pa kuanzia, pigeni 119, simu ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Iringa msimu wa ulanzi, pombe ya mwanzi, mgeni hukaribishwa kwa ulanzi. Atakataaje?

Hapa ndipo wengi huanguka, na mara nyingi anayewaangusha ni mjomba mkarimu. Utasikia: "Huu ni mtogwa, mtamu tu, si pombe." Lakini ulanzi huanza kuchacha tangu ukiwa kwenye mwanzi, hivyo hata ule mtamu una kilevi. Kabla ya kwenda msibani au harusini, kubalianeni jibu moja fupi: "Shikamoo mjomba, nipo kwenye dawa, daktari amenikataza." Kisha wewe unayemsindikiza kaa ubavuni mwake na soda yako. Ukipokea kikombe cha ulanzi huku ukimhimiza yeye avumilie, umeshamwacha peke yake. Na mkikubaliana kuondoka saa kumi, ondokeni saa kumi.

Nani anafaa kumlea katika safari hii ya kuacha?

Aliyekwisha kupita njia hiyo na amekaa muda bila kutumia. Chama cha Walevi Wasiojulikana (Alcoholics Anonymous, AA), cha walevi wanaosaidiana kuacha, kilianza mwaka 1935 huko Akron, Marekani, kwa walevi wawili waliogundua kwamba kusaidiana kunawafanya wasinywe. Mwanamke alelewe na mwanamke. Mlezi apokee simu saa za usiku, asikopeshe hela, na asigeuke askari wa kunusa mdomo.

Mshahara wake tuushike?

Mkubaliane naye waziwazi, si kwa hila. Akiwa kibarua wa mbao anayelipwa Jumamosi, anaweza mwenyewe kumtumia mkewe hela ya nyumba kwa simu palepale anapolipwa, abaki na nauli.