Je, wajua kwa nini antivirusi ya bure ilifikishwa kwa wasimamizi wa ushindani?

Anayenunua laptopu Luthuli au Moi Avenue hapa Nairobi huenda akauziwa na antivirusi ya mwaka mmoja. Wengi hukataa, kwa kuwa Windows ina yake, Defender, isiyolipiwa. Hivyo inashangaza kusikia kwamba Juni 2017 kampuni ya Kaspersky, inayotengeneza antivirusi za kuuza, iliishtaki Microsoft kwa Tume ya Ulaya, inayosimamia ushindani katika Umoja wa Ulaya, kwa sababu ya Defender hiyo.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba sheria inamkataza mkubwa kugawa bure kile ambacho wadogo wanauza. Sivyo. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 hakimwadhibu mtu kwa kutawala soko, bali kwa kuutumia vibaya utawala huo. Mfano mmoja kinaoutaja ni kumfunga mteja kwa masharti ya ziada yasiyohusiana na alichokuja kununua. Ulaya nako ni hivyohivyo. Mwaka 2004 Microsoft ilitozwa faini ya euro milioni 497 kwa makosa mawili, moja likiwa kuifunganisha Windows Media Player na Windows. Iliamriwa iuze pia Windows isiyo na kicheza muziki hicho. Ikaiuza kwa bei ileile, na ni wachache mno walioinunua! Kwa hiyo bei si kiini cha mambo. Kinachotazamwa ni nani anayeshika njia ya kumfikia mteja, na anaitumiaje.

Kwa antivirusi, njia hiyo ni masasisho ya Windows. Chukua ploti ya kupanga kule Umoja. Mwenye ploti ana mlinzi wake, nawe umeajiri wa kwako alinde mlango wako. Usiku mmoja mwenye ploti anabadilisha kufuli zote. Funguo za mlinzi wako hazifungui tena. Asubuhi unamkuta mlinzi wa mwenye ploti amekalia kiti cha mlinzi wako. Mwenye ploti ana hoja: mlango haukulala wazi. Lakini ni yeye aliyechagua kufuli, siku ya kuzibadilisha, na muda wa kumpa mlinzi wako funguo mpya.

Ndani ya kompyuta mambo huenda hivi. Antivirusi huweka draiva, yaani programu ndogo, karibu na kiini cha mfumo endeshi, inayokagua faili kabla halijafunguliwa. Mbili zikikagua faili lilelile kwa pamoja, mashine huwa nzito au hukwama. Kwa hiyo Windows huziorodhesha antivirusi zilizojisajili, na ikikuta moja iko hai huipumzisha Defender. Hiyo ikiisha leseni au ikiondolewa, Defender huamka. Sasisho kubwa nalo hubadilisha kiini chenyewe, na draiva ya zamani inaweza kuiangusha mashine nzima kwenye skrini ya buluu. Ndipo Windows huizima au kuiondoa antivirusi isiyopatana.

Malalamiko ya Kaspersky, yaliyoanzia Urusi mwaka 2016, yalihusu muda: miezi miwili ya kujiandaa na toleo jipya la Windows ilikuwa imepunguzwa hadi siku 6. Microsoft ilijibu kwamba takriban asilimia 95 ya kompyuta za Windows 10 zenye antivirusi tayari zilikuwa na inayopatana na sasisho la mwaka 2017. Agosti 2017 ilikubali kuwapa watengenezaji muda zaidi, na kuwaruhusu wamkumbushe mteja kwa ujumbe wao wenyewe leseni inapoisha. Kaspersky ikaondoa malalamiko yake Ulaya, hivyo Tume haikutoa uamuzi wa nani alikuwa na haki.

Hoja ya usalama nayo si kisingizio. Januari 2018, masasisho ya kuziba Meltdown, udhaifu wa usalama uliogunduliwa kwenye vichakataji vya kompyuta, yalizuiwa kwenye kompyuta ambazo antivirusi yake haikuwa imethibitisha kwamba inapatana nayo, kwa sababu baadhi zilizifanya mashine zishindwe kuwaka.

Kabla ya sasisho kubwa, basi, sasisha kwanza antivirusi yenyewe, si orodha yake ya virusi tu. Baada ya kuwasha upya, fungua Windows Security, nenda kwenye mipangilio, kisha uangalie watoa huduma za ulinzi: jina la antivirusi uliyolipia linapaswa kuonekana kuwa limewashwa. Ukiikuta Defender peke yake ilhali leseni yako bado hai, pakua toleo jipya kutoka kwa mtengenezaji na uliweke kwa leseni ileile, bila kununua nyingine.