Nyota ya nyutroni: haiwaki, na inazaliwa chini ya sekunde moja

Wengi wakisikia nyota ya nyutroni wanadhani ni Jua jingine dogo hivi, hapana, hii haiunguzi kitu tena. Ni kitovu kilichobaki baada ya nyota kubwa kufa, kina uzito wa kama Jua 1.4 lakini kimeshindiliwa kwenye mpira wenye upana wa kilomita 20 na ushee tu, na joto lake ni la kuzaliwa nalo, linapoa taratibu.

Jua letu halifiki huko, lenyewe litaishia kuwa kibeti cheupe, yaani kitovu kidogo chenye joto kinachopoa taratibu. Inatakiwa nyota iliyozaliwa na uzito wa kama Jua 8 kwenda juu, na ikizidi sana mara nyingi inaishia shimo jeusi.

Nyota ya namna hiyo inaishi kwa kuunganisha atomi, hidrojeni inakuwa heli, heli inakuwa kaboni, inaendelea oksijeni na silikoni mpaka chuma, na kila hatua inaenda mbio kuliko iliyotangulia, yaani hidrojeni inachukua mamilioni ya miaka wakati silikoni inaisha ndani ya siku tu. Kwenye chuma ndo mambo yanakwama. Ukiunganisha atomi za chuma hupati nishati, unaitumia, na mvutano wenyewe haupumziki. Kwa muda elektroni zinabeba mzigo maana hazikubali kubanana sehemu moja, ila chuma kikijazana kufika kama Jua 1.4 nazo zinasalimu amri.

Sasa hapa ndo penye utamu, na huwa nashangaa watu wanaparuka wakimbilie mlipuko. Kitovu chenye ukubwa unaokaribiana na Dunia kinaporomoka chini ya sekunde moja! Elektroni zinasukumwa ndani ya protoni, zinageuka nyutroni (chembe zisizo na chaji ya umeme), na kila mara inatoka nyutrino, chembe nyepesi mno inayopenya karibu kila kitu. Nyutroni zikibanana kupita kiasi zinagoma, kinachoanguka kutoka juu kinadunda, nyutrino zinaongezea msukumo na tabaka za nje zinarushwa, hiyo ndo supanova. Asilimia 99 hivi ya nishati inaondoka na nyutrino, mwanga wote ule tunaoushangilia ni makombo. Februari 1987 nyota ililipuka kwenye Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, na mitambo ya Japani, Marekani na Usovieti ikanasa nyutrino zisizozidi 30, masaa kadhaa kabla mtu yeyote hajauona mwanga.

Kitovu kikinywea mzunguko unapanda, kama mtu anayezungushwa kwenye kiti cha ofisi akikunja mikono. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, mwanafunzi wa Cambridge, alikuta mapigo ya redio yanarudi kila baada ya sekunde 1.33 bila kukosea, wakawa wanatania kwamba ni viumbe wa sayari nyingine. Nobel ya 1974 wakapewa msimamizi wake Antony Hewish na mwanaastronomia mwenzake Martin Ryle, Bell mwenyewe hola (mimi naona hawakumtendea haki). Ila tuelewane, pulsa (ndo jina la nyota ya nyutroni inayotupa mapigo kama hayo) haiwaki na kuzima. Miale yake inatoka kwenye ncha za sumaku, na kwa vile inazunguka, kila mwale ukitupitia tunapata pigo. Ile iliyo ndani ya Nebula ya Kaa, mabaki ya supanova iliyoandikwa na Wachina mwaka 1054, inazunguka kama mara 30 kwa sekunde, na kuna nyingine inafika mara 716.

Kuhusu uzito, sentimita moja tu ya ujazo ya nyota ya nyutroni ina mamia ya mamilioni ya tani. Nyota hizi zikiwa mbili zinazungukana zinakaribiana polepole mpaka zigongane, na mgongano kama huo ulinaswa na mitambo ya LIGO na Virgo tarehe 17 Agosti 2017 kwa mawimbi ya mvutano (mitetemo ya anga lenyewe), sekunde kama 2 baadaye ukaja mmweko wa gama, mionzi yenye nguvu kuliko eksirei, halafu darubini zikaona mwanga wa vumbi la elementi nzito zilizotengenezwa palepale, zile za kundi la dhahabu na platinamu.