Rufaa ya hospitali haikatwi

Jamaa yangu mmoja alitoka kwa daktari na bahasha mkononi, akanyamaza njia nzima, halafu akasema: "Kesi imekwisha. Wamenipa rufaa ya wagonjwa wa akili." Alilitamka neno hilo kama mtu aliyetoka kusomewa hukumu. Nimelisikia hivyo mara nyingi mno, kwa vijana na kwa watu wazima, na kila mara linamwongezea uchungu mtu ambaye tayari anao wa kutosha.

Maana yenyewe ni fupi. Katika tiba, rufaa ni ombi la maandishi ambalo mhudumu mmoja wa afya anampelekea mwenzake mwenye utaalamu au vifaa zaidi, akimwomba amwone mgonjwa fulani kwa sababu fulani. Pale ambapo afya hugharamiwa na fedha za umma, mara nyingi barua hiyo ndiyo pia inayoruhusu umma ulipe: daktari wa ngazi ya kwanza ameshasema kwamba bingwa anahitajika.

Tatizo ni kwamba Kiswahili kimelipa neno hili kazi mbili, na kazi moja imeifunika nyingine. Asili yake ni kitenzi cha Kiarabu rafa'a, yaani kuinua. Waarabu wenyewe wakipinga hukumu kwenye mahakama ya juu husema istinafu, na mgonjwa akipelekwa kwa bingwa husema ihala au tahwili. Kuyatia mahakama na hospitali ndani ya neno moja ni uamuzi wetu wenyewe. Hata huko mahakamani hatukukubaliana: Tanzania ina Mahakama ya Rufani, Kenya ina Mahakama ya Rufaa. Hospitalini hakuna anayesema rufani. Ni rufaa tu, kila mahali.

Picha iliyo ndani ya maneno hayo ni ile ile: jambo linapandishwa ngazi. Lakini anayepanda si yule yule. Mahakamani, rufaa hukatwa na mtu aliyeshindwa. Anakwenda juu kulalamika kwamba chini hawakumtendea haki, na huko juu uamuzi wa chini unaweza kutenguliwa. Ndiyo maana mtu akiambiwa "tunakupa rufaa", masikio yake husikia mambo ambayo hayakusemwa: kwamba ameshindwa, kwamba kuna aliyemhukumu, kwamba shauri lake limekuwa zito kuliko uwezo wa watu wa kawaida. Likifuatiwa na maneno "afya ya akili", anahitimisha mwenyewe kuwa ameandikwa kichaa.

Hospitalini hakuna aliyeshindwa. Daktari wa kwanza hajakosea, wala bingwa hakai kumsahihisha. Na daktari huyo huwa ameshafanya kazi yake kabla ya kushika kalamu. Anapaswa kuuangalia mwili, kwa sababu upungufu wa homoni za tezi ya thairoidi au upungufu wa damu unaweza kumletea mtu uchovu na uzito wa moyo unaofanana sana na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Mara nyingi anaweza kutibu sonona au wasiwasi yeye mwenyewe, pale pale. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango mwaka 2008 kwa lengo hilo hasa, wahudumu wasio mabingwa waweze kutibu matatizo ya akili katika huduma za kawaida. Akiandika rufaa, anaomba mkono wa pili.

Kitenzi nacho kina neno lake. Mahakamani mtu anakata rufaa: yeye ndiye mtendaji. Hospitalini anapewa, anaandikiwa, anapelekwa. Sarufi yenyewe imemkalisha mgonjwa kwenye benchi. Nadhani hapa ndipo madhara makubwa yalipo, kwa sababu watu wengi hawajui kwamba rufaa ya hospitali inaweza kuombwa. Mtu ana haki ya kusema, "Daktari, nimelala vibaya kwa miezi mitatu, kazi imenishinda, ningependa kuonana na mtaalamu wa afya ya akili." Daktari anaweza kukubali, au akaeleza kwa nini aanze yeye. Lakini anayengoja apewe, huku akijibu "sijambo" kila anapoulizwa hali, anaweza kungoja sana.

Na barua huandikwa kutokana na kile kilichosemwa chumbani. Huko kliniki ya mabingwa, anayepanga nani aonwe kwanza hajawahi kukuona. Ana karatasi tu. Ukisema "uchovu kidogo", karatasi itasema uchovu kidogo, na utapangwa pamoja na wenye uchovu kidogo. Ndiyo sababu katika nchi nyingi madaktari hutumia dodoso la PHQ-9: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja likiwa na alama 0 hadi 3, hivyo jumla haizidi 27. Ikifika 10, daktari huchunguza kwa makini zaidi kama ni sonona. Swali la mwisho linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Wengi hulijibu "hapana" kwa aibu, nami nawaelewa, ila jibu hilo ndilo linaloamua mambo mengi kuliko mengine yote.

Lugha ya mahakama hurudi tena kwa ubaya pale kliniki inaporudisha barua. Hutokea. Mabingwa wanasema mgonjwa huyu hajafikia kiwango cha huduma yao, au anafaa huduma nyingine. Papo hapo mtu anatangaza, "Rufaa yangu imetupwa," kama vile jaji kaigonga meza na kumwambia kwamba maumivu yake hayana msingi. Rufaa ya hospitali ikirudi, inarudi kwa daktari aliyeiandika, na bado yeye ndiye mwenye jukumu la kukutunza. Anaweza kuiandika upya akiongeza yaliyokosekana, au kuielekeza kwingine. Mabingwa wamejibu swali la nani akuhudumie. Kama unaumia au huumii halikuwa swali lao.

Kilatini, ambacho kimezipa lugha za Ulaya neno lao la jambo hili, kilianzia upande mwingine kabisa. Referre ni kubeba kitu kukirudisha. Sisi tuliona kupanda, wao waliona kurudi, na kwa rufaa za afya ya akili naona wao walishika nusu tuliyoiacha sisi. Australia inaonyesha jambo hili vizuri. Tangu Novemba 2006 bima yao ya umma, Medicare, huchangia gharama za vikao vya mwanasaikolojia kwa mtu aliyeandaliwa mpango wa matibabu na daktari wake; sasa ni hadi vikao 10 vya mtu mmoja mmoja kwa mwaka. Lakini rufaa ya kwanza haizidi vikao 6. Baada ya hapo mgonjwa anarudi kwa daktari wake, wanazungumza hali ilivyo, ndipo vikao vilivyobaki vinaandikiwa. Barua inapanda na inashuka. Aliyeambiwa kwamba rufaa ni kuhamishwa hatarudi, kwa sababu anadhani mlango wa nyuma yake umefungwa. Uhamisho ni jambo jingine: faili na wajibu vyote vinaondoka pamoja. Katika rufaa daktari wako wa kwanza anabaki daktari wako, na katika miezi ya kungoja miadi ndiye wa kumrudia dawa zikikusumbua au hali ikibadilika.

Kuna pia wanaokosea kwa kulikuza neno, wakasema bila rufaa hakuna msaada kabisa. Huko England mtu mzima mwenye sonona au wasiwasi anaweza kujiandikisha mwenyewe kwenye huduma ya umma ya tiba ya mazungumzo bila kupitia kwa daktari. Kiwango kilichowekwa ni kwamba asilimia 75 ya watu waanze tiba ndani ya wiki 6 na asilimia 95 ndani ya wiki 18. Kiswahili kinakwama kidogo hapo, maana mtu anajipaje rufaa? Tuseme tu amejipeleka. Na dharura haingoji barua. Mwenye mawazo ya kujiua, au aliyekwisha kujidhuru, aende idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, usiku au mchana, au apelekwe. Hata jamaa zake wasianze kuuliza rufaa iko wapi.

Bahasha ile tuliifungua jioni. Ndani mlikuwa na ukurasa mmoja: amelala vibaya tangu lini, vipimo vya damu havina shida, dawa gani ameanza, na ombi kwamba aonwe na mwanasaikolojia. Neno kichaa halikuwamo, wala lolote linalofanana nalo. Tulichokikosa ni tarehe, kwa hiyo kesho yake alipiga simu kuuliza atangoja kwa muda gani, na afanye nini akizidiwa kabla ya siku hiyo.

Bado anasema "kesi yangu" akizungumzia miadi yake. Namsahihisha taratibu kila mara: ni barua, ndugu yangu, si kesi. Na hukukata chochote, umeandikiwa.