Je, wajua? Kwa nini Waklingoni walipoteza matuta ya paji la uso

Ukiitazama Star Trek, mfululizo wa Marekani wa tamthilia na filamu za safari za angani, kwa kufuata miaka ya ndani ya hadithi yenyewe, utakutana na kioja. Mwaka 2151 Waklingoni, wale wapiganaji wa sayari nyingine wasiopenda mzaha, wana matuta ya mfupa kuanzia kwenye nyusi hadi utosini. Enzi za Kapteni Kirk, shujaa wa tamthilia ya kwanza, miaka ya 2260, paji la uso ni laini kama lako. Miaka michache baadaye matuta yamerudi.

Nje ya hadithi, jibu ni pesa. Tamthilia ya kwanza ilirushwa Marekani kuanzia 1966 hadi 1969 kwa bajeti ya kubana, na Mklingoni alipojitokeza mara ya kwanza, mwaka 1967, alipakwa rangi ya kuutia uso weusi na kubandikwa ndevu, basi. Filamu ya 1979 ilikuwa na fedha za kutosha, ndipo matuta yakazaliwa. Mwaka 1994 waigizaji watatu wa miaka ya sitini walirudi kucheza Waklingoni wale wale, safari hii wakiwa na matuta, na hakuna aliyeuliza kitu. Miaka miwili baadaye Worf, Mklingoni mwenye matuta yake, aliulizwa na wenzake waziwazi. Akajibu kwamba Waklingoni hawalizungumzii jambo hilo na watu wa nje. Ulikuwa utani safi, na mambo yangeweza kuishia hapo.

Hayakuishia hapo kwa sababu Septemba 2001 ilianza Enterprise, tamthilia inayorudi nyuma miaka mia moja kabla ya Kirk, na katika sehemu yake ya kwanza kabisa Mklingoni ana matuta. Deni likawa la maandishi. Lililipwa Februari 2005, katika msimu wa nne, kwa hadithi ya sehemu mbili. Waklingoni wanapata vinasaba vya binadamu walioboreshwa maabara ili wawe na nguvu na akili kupita kiasi. Wanavijaribu kwa watu wao. Nguvu zinakuja, lakini sura inageuka ya kibinadamu, kisha mishipa ya fahamu inaharibika na mgonjwa anakufa. Mmoja wao alikuwa na mafua. Virusi vya mafua vinachanganyika na vinasaba hivyo, na sasa ugonjwa unasambaa kwa hewa. Phlox, daktari wa chombo cha angani Enterprise, anatekwa ili atafute dawa. Dawa anayoipata inausimamisha ugonjwa katika hatua ya kwanza: mgonjwa anapona, nguvu za ziada hapati, matuta yanapotea, na watoto watakaozaliwa watarithi uso huo laini.

Mashabiki wengi wanaipenda hadithi hii, na wana haki. Haikutunga kitu cha kuziba pengo tu. Ilichukua vitu vilivyokuwepo tayari na kuviunganisha. Wanaoipinga wanasema utani wa Worf ulitosha. Nao wana hoja, ila hasara ya utani mmoja inavumilika.

Kinachoipa Enterprise ladha, kwa jumla, ni vile vitu ambavyo chombo chenyewe cha angani hakina. Hakina ngao za nguvu. Kinaimarisha bamba za nje kwa umeme, na bamba zikichoka, mabomba yanapasuka. Hakina mwale wa kuvutia vitu, kwa hiyo kinarusha kamba zenye kulabu. Mashine ya kuhamisha watu kwa kuwavunja chembechembe ipo, lakini hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuingia. Hoshi Sato, mtaalamu wa lugha, anahangaika na sarufi za viumbe wapya kwa masikio yake, akiwa kwenye kazi ambayo baadaye itakuwa ya Uhura, afisa wa mawasiliano wa Kirk, yule aliyesikika akizungumza Kiswahili katika Star Trek ya 1967.

Mambo yanaharibika waandishi wanapowapa wahusika kitu kabla ya wakati wake. Mwaka 2002 waliwaleta Waromula, maadui wengine wa angani, wakiwa na meli zisizoonekana, ilhali katika sehemu maarufu ya 1966 Kirk na msaidizi wake Spock wanakishangaa kifaa cha kuificha meli kama kitu kipya. Waferengi na Borg, viumbe wa tamthilia za baadaye, pia waliletwa mapema mno, na ujanja ukawa kutowataja majina, ili kumbukumbu za karne zijazo zisivurugike. Kisheria imekubalika, kisanaa ni kukwepa. Msimu wa nne ulikuwa mwangalifu zaidi: Waromula wakatumia meli zisizo na rubani zinazobadilisha sura, na hakuna binadamu aliyeona nyuso zao, kama Spock alivyokuwa amesema katika ile sehemu ya 1966.

Na kuna hesabu. Kasi ya chombo huitwa wopu, na kwa kipimo cha zamani unaizidisha namba yenyewe mara tatu: wopu 4.5 ni 4.5 × 4.5 × 4.5, yaani karibu mara 91 ya kasi ya mwanga. Sehemu ya kwanza inasema kwa kasi hiyo unakwenda Neptune na kurudi kwa dakika sita. Safari hiyo kwa mwanga ni zaidi kidogo ya saa nane. Gawanya kwa 91, unapata dakika tano na nusu. Safi. Lakini sehemu hiyo hiyo inasema kufika kwa Waklingoni ni siku nne. Siku nne mara 91 ni siku 364 za mwanga, takriban mwaka mmoja wa mwanga, wakati nyota ya jirani zaidi na Jua iko umbali wa miaka 4.2 ya mwanga. Wangeegesha gizani.

Wimbo wa ufunguzi, wa kwanza wa Star Trek kuwa na maneno, bado unagombanisha watu. Msimu wa tatu uliuchangamsha mdundo bila kupata msamaha.

Asiye na muda wa sehemu zote 98 anaweza kuona ya kwanza, kisha akarukia msimu wa nne mzima, ambako pia Shran, kamanda wa Waandoria, jamii nyingine ya angani, mwenye hasira za karibu, anang'ara kuliko kapteni. Ila asimame kabla ya ile ya mwisho ya Mei 2005. Hiyo inawageuza wahusika kuwa maigizo ndani ya kompyuta ya chombo cha karne ya 24 na kumuua fundi mkuu Trip kwa sababu isiyoshawishi. Ile iliyotangulia ndiyo inayofunga hadithi.