Sembe, Dona na Kikombe cha Chai: Maswali na Majibu Kuhusu Mlo wa Familia

Swali: Je, kuna ubaya familia ikila ugali wa sembe kila siku?

Jibu: Sembe haina madhara yenyewe, ila imepungukiwa. Mahindi yanapokobolewa, pumba huondoka pamoja na kiini, na humo ndimo mlimo na nyuzinyuzi, madini chuma, zinki na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Dona huhifadhi vyote hivyo na humfaa sana mtu anayepata choo kigumu. Kwa kuwa mafuta ya kiini huufanya unga uharibike mapema, ni vyema kusaga kidogo kidogo.

Swali: Tumesikia kwamba dona ina sumukuvu. Ni kweli?

Jibu: Sumukuvu hutokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi au karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Kukoboa huipunguza lakini hakuimalizi, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 janga la namna hiyo liliikumba mikoa ya katikati ya Tanzania, ikiwemo Dodoma. Kinga basi huanzia shambani na ghalani: mahindi yaanikwe juu ya turubai, yakauke vizuri, magunia yapangwe juu ya chaga, na kabla ya kwenda mashineni punje zilizoota ukungu, zilizovunjika au zilizonyauka zichambuliwe na kutupwa. Nakusihi usizionee huruma punje hizo, wala usiwape kuku.

Swali: Binti yangu ameambiwa kliniki kuwa ana upungufu wa damu, na nyama hatuimudu. Tufanyeje?

Jibu: Kwanza atumie dawa alizopewa, kwa sababu chakula peke yake hurudisha damu polepole, na huenda chanzo ni malaria au minyoo, ambayo haiponi kwa mboga. Pamoja na dawa, ale maharage, choroko, mchicha na matembele kwa wingi. Madini chuma ya mimea hufyonzwa kwa shida, lakini vitamini C huyasaidia sana. Kwa hiyo akamulie limau mbogani akiwa mezani, au mlo uambatane na chungwa au pera. Dagaa wachache wakiongezwa kwenye mboga hiyo husaidia pia, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao, humpa na kalisi. Kinachobomoa kazi hii yote ni chai, iwe ya rangi au ya maziwa, inayonywewa pamoja na chakula, kwani huzuia madini chuma yasifyonzwe. Itengwe na mlo kwa saa moja hivi. Katika nyumba nyingi hili ndilo badiliko jepesi kuliko yote, na halihitaji hata shilingi.

Swali: Mboga za majani na maharage vipikwe vipi?

Jibu: Mboga zioshwe kabla ya kukatwa, sufuria ifunikwe, zipikwe kwa muda mfupi na maji yake yasimwagwe. Kisamvu pekee kina utaratibu wake: lazima kitwangwe na kuchemshwa sana, kwa maana kibichi kina sumu ya sianidi. Karanga zilizotwangwa au kijiko cha mafuta husaidia vitamini A ya mboga ifyonzwe. Magadi yaachwe, kwani huharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu, jambo lisilomfaa mwenye shinikizo la damu. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva bila magadi na hupunguza matumizi ya mkaa.

Swali: Je, mtoto mchanga apewe asali kwa kuwa ni ya asili?

Jibu: Hapana, asipewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwa sababu asali inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa hatari unaopooza misuli. Kwa miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama yanatosha.

Swali: Baba ana kisukari. Tukila hivi, anaweza kuacha dawa?

Jibu: Asiache. Hata dona ni wanga, na ikizidi hupandisha sukari. Kwake ugali uchukue kama robo ya sahani na mboga nusu nzima. Vipimo vyake vikianza kushuka, daktari wake ndiye atakayeamua kama dozi ipunguzwe.